Tusiililie theluji, tutunze msitu na kihamba

Mlima Kilimanjaro ni fahari ya taifa letu. Ni juu ya kilele chake, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, ulipowashwa Mwenge wa Uhuru, na tangu wakati huo kilele hicho kinaitwa Uhuru. Kwa hiyo si ajabu kwamba habari za kuyeyuka kwa theluji ya mlima huu huwagusa Watanzania wengi. Wataalamu waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na vipimo vya mwaka 2007 walikuta kwamba katika kipindi hicho asilimia 85 ya eneo lililokuwa limefunikwa na barafu ilikuwa imekwisha toweka. Hilo ni jambo la kweli, na ni jambo la kusikitisha.

Hata hivyo, katika masikitiko hayo limeingia kosa moja ambalo halina budi kusahihishwa, hasa na sisi tulio maofisini na madarasani. Kosa lenyewe ni kuamini kwamba maji ya mito yetu hutoka kwenye theluji. Na kwa kuwa theluji inakwisha kutokana na joto lililoletwa hasa na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, basi sisi wanyonge hatuna la kufanya ila kungoja ukame utukute. Fikra hiyo si sahihi kitaalamu. Kisiasa ni fikra ya hatari, kwa sababu inamfundisha mwananchi kukaa kitako na kuona kwamba hatima yake imo mikononi mwa wengine.

MAJI YA KAHE HUTOKA WAPI?

Tuichukue Kahe kama mfano. Kahe ni tambarare iliyo kusini-mashariki ya mji wa Moshi, mahali ambapo reli itokayo Tanga hukutana na ile itokayo Voi. Mvua yake ni haba. Mkulima wa huko akitegemea mawingu peke yake, mara nyingi mahindi yake hukauka kabla ya kubeba. Lakini nchi hiyo kame ina chemchemi kubwa kama ile ya Miwaleni, ambayo jina lake lenyewe linatukumbusha miwale, miti ipendayo kukaa majini. Ina msitu wa hifadhi ambao haukustawishwa na mvua bali na maji yaliyo chini ya ardhi. Katika misitu ya namna hiyo, ya Kahe na ya Rau, umo mti uitwao msoo, ambao ni nadra sana duniani. Wataalamu waliouandika vitabuni waliliacha jina lake la wenyeji hilo hilo: msoo.

Maji hayo yote hutoka mlimani. Lakini hayatoki kileleni. Wataalamu waliopima mvua, chemchemi na mito ya Kilimanjaro wameonyesha kwamba sehemu kubwa mno ya maji huzaliwa katika ukanda wa msitu. Huko, upande wa kusini wa mlima, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Ukungu nao hunaswa na majani, kuvumwani na matawi, ukadondoka tone kwa tone. Udongo wa msitu, uliojaa mizizi na majani yaliyooza, huyanywa maji hayo polepole na kuyapitisha chini kwa chini, hata yakaibuka tena tambarare. Mchango wa barafu katika kazi hiyo ni mdogo sana. Kwa maneno mengine, kisima cha Kahe ni msitu, wala si theluji.

Ukweli huu unatupa matumaini na unatupa wajibu pia. Mkulima wa Kahe hawezi kuirudisha barafu kileleni. Lakini mti uliokatwa kando ya mto unaweza kurudi, na moto uunguzao msitu unaweza kuzuiwa. Tangu miaka ya 1970 mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro umekuwa ukishuka kwa sababu ya moto, na wote tunakumbuka moto mkubwa wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022, ambapo wananchi, wanafunzi na askari walipanda mlimani kuuzima. Mabadiliko ya tabianchi huzidisha ukavu, na ukavu huukaribisha moto. Lakini mara nyingi kiberiti huwa mikononi mwa binadamu, na binadamu anaweza kuelimishwa.

KIHAMBA NI URITHI WA KITAALAMU

Kati ya msitu na tambarare uko ukanda wa vihamba, kiasi cha mita 1,000 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wako wasomi wetu ambao hukitazama kihamba kama mabaki ya kilimo cha kizamani. Hao wamekosea. Juu kabisa ya kihamba husimama mifuruanje na miringaringa. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na chini ya kahawa magimbi, mboga na dawa za mitishamba. Ng'ombe hulishwa zizini kwa majani ya shamba hilo hilo, na samadi hurudi kwenye mgomba. Mpaka wa kihamba huoteshwa isale, mmea ambao hutumika pia kuombea msamaha wakati jamaa wamegombana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulihesabu katika vihamba vya Kilimanjaro aina zaidi ya 500 za mimea, na nyingi kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Uchunguzi mwingine, uliofanywa katika mashamba ya kahawa ya mlima huu na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba ndege na popo walao wadudu waharibifu waliongeza idadi ya matunda yaliyofanikiwa kwa kiasi cha asilimia 9. Nyuki na wadudu wengine wachavushao maua waliongeza uzito wa matunda kwa zaidi ya asilimia 7. Ndege, popo na nyuki hao hawadai mshahara wala posho ya safari. Wanadai mti wa kukaa tu. Mtu akiukata mti huo, amewafukuza kazi vibarua wake wa bure, na kesho yake atakwenda dukani kununua dawa ya sumu.

Basi kwa nini vihamba vinadhoofika? Tusimlaumu mkulima kabla ya kuitazama historia. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyogawa mafungu ya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Mkulima aliyesomesha watoto wake kwa kahawa tangu enzi za kuundwa kwa KNCU mwaka 1933 alijikuta anauza jasho lake kwa bei ya kutupa, ilhali faida ilibaki kwa wakaangaji na wachuuzi wa nchi za nje. Wengi waliing'oa mibuni. Mbuni ulipoondoka, kivuli chake nacho kikaonekana hakina kazi. Miti ikauzwa mbao, mahindi na nyanya zikaingia juani. Wakati huo huo vihamba viligawanywa na kugawanywa tena kati ya watoto, na vijana wengi wakakimbilia mijini. Mifongo, yaani ile mifereji ambayo wazee waliichimba kwa majembe na kuitunza kwa msaragambo, mingi ikazibika.

Matokeo ya mambo hayo hayakubaki mlimani. Mvua inyeshayo juu ya udongo ulio wazi hainywewi, hutiririka. Masika yakija kwa ghadhabu, mafuriko huingia Kahe yakiwa na tope la mlimani. Masika yakipita, mto huwa mchanga mtupu. Mtu mmoja huyo huyo wa Kahe hufurikiwa mwezi wa Aprili na kukosa maji mwezi wa Septemba. Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Lakini hapa janga huchumwa juu, na huliwa bondeni na watu ambao hawakuitwa hata kwenye kikao.

MWENYE SHIBE HAMJUI MWENYE NJAA

Lazima tuseme wazi kwamba ugomvi wa maji upo, na kwamba haupo baina ya tajiri na maskini peke yao. Upo pia baina ya maskini na maskini. Mwaka 1987 ulikamilika mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mpunga ulistawi kuliko matarajio. Kwa sababu ulistawi, wakulima walio juu ya mradi, nje ya mpango, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji ya Mto Rau huo huo. Haikuchukua miaka mingi kabla ya majaruba yaliyopangwa kukosa maji ya kutosha. Hakuna aliyekuwa mwizi katika habari hii. Kila mmoja alikuwa mkulima aliyetafuta chakula cha watoto wake. Lakini walipolima bila kupanga pamoja, mafanikio ya mmoja yaligeuka kuwa hasara ya mwenziwe, na aliye chini kabisa akapata masalio.

Chini ya Kahe nako kuna wadai. Mito ya Ruvu na Kikuletwa hulijaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huiendesha mitambo ya umeme ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ya Maporomoko ya Pangani, iliyokamilika mwaka 1995 yenye uwezo wa megawati 68. Mwalimu wa Tanga anayesahihisha madaftari usiku chini ya taa ana sehemu yake katika mti uliosimama Marangu au Old Moshi. Kwa hiyo suala hili si la Wakahe peke yao, wala si la Wachaga peke yao. Ni suala la taifa.

Serikali haikulala. Ofisi ya maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, makao yake Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuyadhuru mazingira ya mahali hapo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imewapa wananchi nafasi ya kuunda jumuiya za watumiaji maji. Mwaka 2018 Tanzania iliahidi mbele ya Afrika kurudisha uoto katika hekta milioni 5.2. Na Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kurejesha mifumo ya ikolojia iliyoharibika. Tunazo sheria, na tunazo ahadi. Kinachotupungukia ni utekelezaji unaomfikia mtu shambani kwake.

TUSIHESABU MICHE, TUHESABU MITI

Hapa hatuna budi kujikosoa. Kila mwaka tunapanda miti kitaifa. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miche isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka. Agizo hilo ni jema. Lakini mtumishi aliyeagizwa idadi huleta idadi. Miche huhesabiwa inapotoka kwenye kitalu, huhesabiwa tena inapopandwa mbele ya mgeni rasmi, kisha taarifa hufungwa kwenye jalada. Ni nani anayerudi mwezi wa Oktoba kuhesabu iliyo hai? Mbuzi hawasomi taarifa zetu. Mche ulionyauka ukihesabiwa kuwa mti, tumemdanganya kiongozi wetu, na kiongozi akiridhika na hesabu hiyo, naye amemdanganya mwananchi.

Pili, mti si mti tu. Kupanda mikaratusi juu ya chemchemi kwa sababu inakua haraka ni sawa na kumwajiri mlevi kulinda pombe. Mikaratusi ina mahali pake, kwa nguzo na kuni, mbali na maji. Kando ya chemchemi na mito panahitajika mikuyu, misoo, miringaringa na miti mingine iliyoumbwa na mahali hapo, hata kama mche wake hauna haraka na mbegu yake haiuzwi dukani.

Tatu, msitu usio na mwenyewe hauna mlinzi. Mwaka 1941 ulitengwa kuzunguka Kilimanjaro ukanda wa nusu maili ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuuingia msitu wenyewe. Kwa miaka ya mwanzo, chini ya baraza la wenyeji, ukanda huo ulipandwa na kutunzwa vizuri. Baadaye dhamana yake ilihamishwa mara kadhaa kutoka mamlaka moja hadi nyingine, na wenyeji wakaanza kuuona kuwa ni mali ya ofisi. Ulipokuwa mali ya ofisi, shoka halikuogopa tena jicho la jirani. Funzo lake ni kwamba sheria bila ya umma ni ukuta wa majani.

Kwamba umma ukishirikishwa unaweza, tunao ushahidi wa nyumbani. Shinyanga ilikuwa imefyekwa misitu yake kwa ajili ya kupiga vita mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Na wananchi walipohamia vijijini katika miaka ya 1970, nyingi ya ngitili zao za asili ziliachwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni uliwasisitizia wananchi kupanda miche. Baadaye viongozi wake walikuwa na busara ya kuwasikiliza Wasukuma wenyewe, wakairudia ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa kwa msimu ili lijiotee. Ngitili zilizokuwa zimebaki mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa. Haikufanywa kwa fimbo. Ilifanywa na serikali za vijiji, sungusungu, na wazee waliojua ni mti gani huitwaje na hufaa nini.

YAPASAYO KUFANYWA

Kahe na mlima wake wanaweza kufanya kwa namna yao yale ambayo Shinyanga ilifanya kwa namna yake. Kwanza, vijiji vya juu na vya bondeni vikae kikao kimoja, vikiongozwa na jumuiya za watumiaji maji, vipange zamu za maji na vikubaliane juu ya kulinda vyanzo. Mtu wa Kahe awe na sauti katika mfongo ulio juu yake.

Pili, zile mita 60 zipimwe na kijiji chenyewe, mchana, mbele ya mkutano mkuu. Yuko mama ambaye bustani yake ya nyanya kando ya mto ndiyo ada na sare za watoto wake. Ofisa anayekwenda kwake na sheria mkononi bila ya jibu la swali lake, "Nitakula nini?", amekwenda kufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpatia sehemu nyingine, zamu ya maji, mizinga ya nyuki au miche ya matunda, kisha kumtaka aondoke.

Tatu, mashamba ya tambarare yarudishiwe miti. Wakulima wa Dodoma wameonyesha kwa njia waiitayo kisiki hai kwamba shina lililokatwa likichaguliwa chipukizi zake na kutunzwa hurudi kuwa mti kwa haraka kuliko mche, kwa kuwa mizizi yake tayari imefika majini. Jambo hili halihitaji fedha za kigeni. Linahitaji panga kali na uvumilivu, na mwenye mifugo kukubaliana na mwenye shamba. Na kule ambako umwagiliaji holela umepandisha chumvi na magadi, mabwana shamba na mabibi shamba wawe karibu na mkulima, kwani maji mengi kupita kiasi huua udongo kama vile ukame uuavyo zao.

Nne, shule zirudi katika kazi hiyo. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 haikukusudia kwamba shamba la shule liwe adhabu ya watoro. Kila shule kati ya Kibosho na Kahe iwe na kitalu cha miti ya asili, mbegu ziokotwe na wanafunzi wenyewe, wazee waitwe kuja kutaja majina yake na matumizi yake. Mtoto wa darasa la tatu apewe mti wake, na anapomaliza shule ya msingi aukabidhi ukiwa hai. Hapo tutakuwa na hesabu isiyoweza kughushiwa.

Tano, taarifa za watumishi zibadilike. Safu ya "miche iliyopandwa" iwe na mwenzake: "miti iliyo hai baada ya miaka 3". Atakayeleta miti 2,000 hai apongezwe kuliko aliyeleta miche 20,000 isiyojulikana ilipo.

Ndugu wananchi, ni haki yetu kuzidai nchi tajiri zipunguze moshi wao na zilipe fidia ya joto walilotuletea. Madai hayo ni ya haki na tusiyaache. Lakini mtu aliyechomewa nyumba na jirani hangoji hukumu ya mahakama ndipo akazime moto. Theluji ya Kilimanjaro inaweza kutoweka machoni petu. Ikitoweka, na msitu ukawa umesimama, na kihamba kina kivuli, na chemchemi ya Miwaleni inatoa maji, wajukuu wetu watatusamehe. Lakini tukiuacha msitu uungue na kihamba kikauke huku tukiikodolea macho barafu, hakuna isale litakalotosha kutuombea msamaha kwao.

Masika hayangoji kikao kijacho. Tuanze mwaka huu, na tuanze na mti tutakaorudi kuutazama.